Tulivyoanza kumpa kila mgonjwa wa ICU nesi wake

Wenzangu wa hospitali nyingine wakisikia kwamba kwetu kila mgonjwa wa ICU, yani chumba cha wagonjwa mahututi, ana nesi wake anayejulikana kwa jina, swali la kwanza ni lilelile, manesi mmewatoa wapi. Hatujawatoa popote. Vitanda ni sita kama zamani, zamu ikiwa nzuri tuko wanne, ikiwa mbaya tuko wawili, mishahara ileile, na monita moja mpaka leo inataka kupigwa kofi ndo iwake. Kilichobadilika ni nani anajibu kuhusu mgonjwa huyu tangu anaingia mpaka anatoka, basi. Naandika kwa urefu kidogo maana naona watu wengi wanauacha huu utaratibu kabla hawajaujaribu, wanadhani ni mambo ya hospitali za Ulaya ambako nesi mmoja ana mgonjwa mmoja. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi nimeona kwa macho yangu kwamba hata sisi wa mikoani tunaweza.

Nianze na tulivyokuwa tunafanya kabla, na najua wengi mtajiona humu. Asubuhi baada ya ripoti inchaji, nesi anayeongoza kitengo, anagawa kazi, wewe leo dawa, wewe vipimo vya kila saa, nyie wawili kuogesha na kugeuza wagonjwa, mhudumu dampu dasta, yani kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na kupeleka sampuli maabara. Kila mtu anazunguka vitanda vyote sita na kazi yake moja. Na kazi inafanyika kweli, sitaki mtu aseme manesi walikuwa wavivu, chati zilikuwa zinajaa na saini zipo. Shida inakuja ukiuliza swali dogo tu, huyu wa kitanda namba tatu jana usiku alilalaje, au hii presha ya leo ukilinganisha na juzi anapanda au anashuka? Wa dawa anajua dawa zake, wa vipimo anajua namba za zamu yake, aliyemuogesha ameona ngozi. Picha nzima ya yule mtu hakuna aliyeishika.

Kwenye wodi ya kawaida mgonjwa mwenyewe anakusaidia. Atakwambia sista, jana ulinipa kidonge cheupe, leo mbona chekundu, atakwambia hapa nilipochomwa panauma, atakwambia sijala. Yani kumbukumbu ya matibabu yake anayo kichwani mwake na anaizungumza. Wa ICU ana tyubu, mpira wa kupumulia, mdomoni na dawa ya usingizi inaingia, hawezi kukwambia chochote, kwahiyo kama hakuna mtu anayetunza habari zake siku hadi siku basi habari zenyewe zinapotea kila zamu inapobadilika. Hili mimi ndo naliona kiini cha jambo lote, mengine nitakayoandika ni namna tu ya kulifanikisha.

Utaratibu wenyewe si mpya. Ulianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Minnesota, nesi anaitwa Marie Manthey na wenzake walichoka na huu mgawanyo wa kazi vipandevipande wakaamua mgonjwa awe na nesi mmoja anayebeba wajibu wa mpango wake wa uuguzi masaa 24, siku zote 7, hata kama yeye mwenyewe hayupo zamu. Akiwa hayupo, nesi mwingine anamhudumia mgonjwa kwa kufuata mpango ule. Na lingine walilosisitiza ni watu kuongea ana kwa ana, aliyemhudumia mgonjwa aongee na anayempokea, siyo habari zipite kwa inchaji kwanza ndo zirudi. Ukiangalia vizuri hakuna hata neno moja hapo linalosema lazima muwe wengi.

Na huwa napenda kuwakumbusha vijana wanaokuja kwetu field kwamba ICU yenyewe ilianza na mtu kabla ya mashine. Mwaka 1952 Copenhagen ilipigwa na polio, watoto wanashindwa kupumua, mashine hazitoshi, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akaelekeza watobolewe koo na wapumuliwe kwa mkono, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wanakaa kando ya kitanda kwa zamu wanaminya mfuko usiku na mchana kwa wiki na wiki. Mwanafunzi mmoja, mgonjwa mmoja, jicho lipo pale. Mashine zilikuja kujaa baadaye. Hata sisi Tanzania baada ya zile fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021, zile trilioni 1.3, hospitali nyingi zilijengewa ICU na majengo ya dharura, vikaletwa vitanda vya umeme na ventileta mpya, zile mashine za kupumulia, na tunashukuru sana. Ila ventileta inakwambia namba tu, haikwambii huyu mtu ni nani.

Sasa kwetu ilianzaje. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Muhimbili kusoma uuguzi wa wagonjwa mahututi, matroni akaniita ofisini akasema mwanangu, umesoma, hebu nieleze kitu kimoja tu cha kubadilisha ambacho hakihitaji hela. Nikamwambia hiki. Alinyamaza kidogo akasema sawa, ila usianze na vitanda vyote. Ushauri wake huo ndo uliotuokoa. Tulianza na vitanda viwili vya karibu na meza ya manesi, vinne vikabaki na utaratibu wa zamani, na tukachagua manesi wanne waliosema wenyewe kwamba wanataka. Hakuna aliyelazimishwa. Ukilazimisha mtu hapa atachukua jina tu likae kwenye ubao halafu ataendelea kufanya kazi kama jana.

Praimari nesi kwetu, ndivyo tunavyowaita, kazi yake ni hivi. Mgonjwa akiingia, ndani ya zamu hiyohiyo anapangiwa praimari, na jina lake linaandikwa kwenye ubao juu ya kitanda pamoja na jina la nesi wa zamu. Yeye ndo anampima mgonjwa kichwa mpaka miguu, anakaa na ndugu, anaandika mpango, na kila akiwa zamu lazima apangiwe mgonjwa huyo, inchaji haruhusiwi kumhamisha bila sababu ya maana. Daktari akija raundi anaongea na yeye. Mgonjwa akihamishiwa wodini yeye ndo anaandika taarifa ya kumtoa. Wakati hayupo kuna asoshieti, nesi anayefuata mpango, na huyo anaruhusiwa kubadilisha mpango hali ikibadilika usiku, ila aandike kwanini, siyo abadilishe kimyakimya.

Mpango wenyewe tulikataa kuufanya kitabu. Wote tumesoma nesingi keapulani, yani mpango wa uuguzi, chuoni, kurasa na kurasa, na wote tunajua zinajazwa ili mkaguzi akija zionekane. Tukafanya karatasi moja, mbele tu, inaning'inia miguuni kwa mgonjwa. Juu kabisa ni anaitwaje nyumbani, maana mtu ameandikwa kwenye faili majina matatu ila maisha yake yote anaitwa Baba Neema, ukimwita Baba Neema ndo anageuka. Lugha anayoielewa. Anasikia vizuri, anavaa miwani, ana meno ya bandia? Ndugu gani ndo msemaji wa familia na namba yake ya simu. Halafu vile vya kila siku, tyubu iko sentimita ngapi kwenye meno, ngozi ya mgongoni, visigino na nyuma ya kichwa ikoje, choo alipata lini, leo tunataka afikie wapi. Hiyo "leo tunataka afikie wapi" iliwasumbua watu mwanzoni, wanaandika "apone". Hapana, andika leo akae kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 mpaka 45 muda wote, leo dawa ya usingizi ipunguzwe asubuhi tuone anaamkaje, leo tyubu ihamishwe pembe ya kulia ya mdomo iende kushoto kwasababu kona ya mdomo imeanza kuwa nyekundu.

Nitoe mfano wa kijana wa bodaboda, na mnajua ICU zetu zimejaa hawa vijana. Aligongwa na lori, kichwa kimeumia, yuko kwenye mashine. Baada ya siku kadhaa daktari anataka tuanze kumpunguzia mashine lakini kila dawa ya usingizi ikipunguzwa kijana anakuwa mkali, anarusha miguu, anapigana na ventileta, alamu zinalia, presha inapanda, basi anaongezewa dawa analala. Kesho hivyohivyo. Kila zamu imeandika "mgonjwa hatulii, ameongezewa dawa" na kila mtu ameshakubaliana kwamba ni kichwa, ni ile ajali. Alipohamishiwa kitanda chetu, praimari wake, dada mmoja mpole sana asiyeongea hovyo, alichofanya ni kukaa chini na chati zote tangu siku ya kwanza akazipanga mezani. Akaja kuniambia dada, huyu mtoto siku ya saba hajapata choo. Siku ya saba! Tumbo ukiligusa limejaa, gumu. Zile dawa kali za maumivu tunazompa zinapunguza mwendo wa utumbo na kufunga choo, hilo kila nesi analijua, ila wa dawa alikuwa anaangalia dawa, waliomuogesha zamu yao hawakukuta choo wakashukuru shuka ni safi, na hakuna aliyejumlisha. Akaongea na daktari, akapewa dawa ya kulainisha na enema, usiku ule ikawa kazi kubwa ya kubadilisha mashuka, kesho yake dawa ya usingizi ikapunguzwa na kijana akafungua macho akatulia anaangalia dari. Sisemi choo ndo kilimponya kichwa, kichwa kilikuwa na safari yake ndefu. Nasema tulikuwa tunamuongezea usingizi mtu ambaye tumbo linamuuma na hana mdomo wa kusema.

Kile kisa kilibadilisha mazungumzo kwenye chumba cha chai. Kabla ya hapo upinzani ulikuwepo, na mwingine ulikuwa wa haki kabisa. Mama mmoja mkongwe kazini, tunamheshimu wote, yeye ndo alitufundisha wengi wetu kuvuta sakshen, yani kunyonya makohozi kwa mashine, bila kumuumiza mgonjwa, alisimama kwenye kikao akasema wanangu, mnataka kunibebesha masaa 24, mimi nikienda nyumbani nina wajukuu, mgonjwa akibadilika usiku mtaniambia nilikuwa wapi? Swali zito. Na lilikuwa na ukweli kwasababu wiki za mwanzo watu walikuwa wanawapigia simu mapraimari nyumbani, eti mgonjwa wako ana homa tufanyeje. Tukakataza. Wajibu wa masaa 24 ni wa mpango, siyo wa mwili wako kuwa macho. Aliye zamu ndo anayeamua usiku na ndo anayejibu kwa usiku ule. Na kwenye grupu la WhatsApp la kitengo tukakubaliana hakuna kuandika habari ya mgonjwa, siyo jina, siyo picha ya chati, siyo chochote, maana ilishaanza kuwa njia ya mkato na ile ni siri ya mtu.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni neno "siyo wangu". Unapompa mtu umiliki, mwingine anajiona ametolewa. Alamu inalia kitanda cha pili, nesi amesimama hatua mbili, anaita fulani, mgonjwa wako! Hili ni la hatari na nadhani ndo sababu sehemu nyingine wanaanza vizuri halafu wanaacha. Sisi tuliweka sheria moja ambayo inchaji anaisema karibu kila ripoti mpaka imekuwa kama sala, alamu haina mwenyewe, aliye karibu ndo anaenda. Halafu tukaweka jozi. Ukiingia zamu unakuwa na pacha wako, wagonjwa wenu mnawafahamu wote wawili, kugeuza mgonjwa mnageuza wawili, ukienda kula pacha anashika. Kugeuza mtu mzima mwenye tyubu kila masaa mawili peke yako haiwezekani hata kidogo na mtu asikudanganye, tyubu itachomoka au mgongo wako utaharibika.

Rosta. Hapa ndo kazi ilipo na ndo napotaka mainchaji wasome mara mbili. Rosta yetu ya zamani ilikuwa asubuhi, jioni, usiku, ofu, kila mtu anazunguka, kwahiyo praimari anaweza kumpokea mgonjwa leo asubuhi, kesho anaingia usiku, halafu ana ofu zake, akirudi mgonjwa ameshatoka au ameshafariki. Huyo ni praimari wa jina. Tukabadilisha kwamba mgonjwa mpya anapewa nesi ambaye ana zamu kadhaa zinazofuatana mbele yake, asubuhi au jioni, asiyetarajia ofu karibuni. Wanaoenda usiku wanakuwa maasoshieti kwa kipindi hicho. Inchaji alilalamika sana, rosta ilimchukua jioni nzima nyumbani na penseli na ufutio, lakini baada ya miezi michache akawa anaitengeneza haraka. Na wale mnaogawa wagonjwa, tafadhali, msimpe nesi hodari kila mgonjwa mgumu, mtamchosha mtampoteza. Nesi mpya aanze kuwa asoshieti wa mtu mzoefu kwanza, ashike mkono, halafu apewe mgonjwa anayeelekea kupona, ndo baadaye hawa wa mashine.

Makabidhiano nayo tukayatoa mezani tukayapeleka kitandani. Zamani ripoti inasomwa kwenye daftari, watu wamekaa, "kitanda cha nne hali yake ni ileile". Sasa hivi anayetoka na anayeingia wanasimama wote wawili kwa mgonjwa, wanamsalimia kwa jina hata kama amelala, wanasoma alama ya tyubu kwenye meno pamoja, wanapima upepo wa kafu, kile kipira kinachojazwa upepo kwenye tyubu ndani ya koo, uwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, wanafuata kila mpira wa dripu kutoka kwenye chupa mpaka kwenye mkono waone unaenda wapi, wanamgeuza wanaangalia mgongo. Ukikuta mgongo umeanza kuwa mwekundu mmeukuta wote, hakuna wa kusema nilivyoacha ulikuwa mzima. Inachukua muda zaidi kidogo ya ripoti ya mezani, hilo sitalificha, na watu wa zamu ya jioni wanaowahi daladala walinuna.

Sasa niwaambie habari ya bibi. Huyu hakuwa kwenye vitanda vyetu viwili, alikuwa kitanda cha tano, utaratibu wa zamani, bibi wa kijijini kabisa, amekuja na nimonia kali akawekwa kwenye mashine. Mapafu yakaanza kuwa mazuri, oksijeni tumeishusha, dawa ya usingizi imezimwa, lakini kila raundi inaandikwa "hafuati maelekezo". Bibi fumbua macho, hafumbui. Bibi minya mkono, haminyi. Na mgonjwa ambaye hafuati maelekezo daktari anaogopa kumtoa tyubu, ana haki ya kuogopa, kwahiyo bibi anaendelea kukaa kwenye mashine na kila siku ya ziada kwenye mashine ni nafasi ya nimonia nyingine. Watu wameshaanza kusema labda amepata stroku, yani kiharusi, apelekwe CT skani, picha ya kichwa, na hiyo ni hela ya familia.

Nafasi ikapatikana, bibi akaletwa kitanda cha praimari, na nesi aliyempokea ni kijana wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku kwetu. Akaenda kujaza karatasi na mjukuu wake pale nje kwenye benchi. Lugha anayoielewa? Mjukuu akasema bibi Kiswahili hajui, anajua cha kununulia chumvi tu. Tuko Kanda ya Ziwa, tuna manesi Wasukuma kabisa pale ndani, ila zamu zile wao walikuwa kwenye dawa au kwenye kuogesha, na kipimo cha fahamu kilikuwa cha mtu mwingine. Yule kijana akamuita mama mmoja mhudumu wetu wa usafi anayejua Kisukuma, yule mama akanawa mikono, akavaa aproni, akainama sikioni kwa bibi akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwangaluka mayu," yani habari za asubuhi mama. Bibi akafumbua macho. Akageuza kichwa kumtafuta anayemsalimia. Akaambiwa kwa Kisukuma minya mkono, akaminya, toa ulimi kidogo, akajaribu na tyubu yake mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni kwa kitanda na nakiri machozi yalinitoka, kwasababu fikiria siku zote zile mama wa watu amelala, amefungwa mikono asichomoe tyubu, anazungumzishwa na watu asiowaelewa, halafu tunaandika hana fahamu. Tyubu ilitolewa kesho yake asubuhi. Baada ya bibi, vitanda vinne vilivyobaki havikuhitaji kampeni yoyote, na yule mama mkongwe aliyeuliza habari ya wajukuu zake ndo alikuja kuniuliza, lini na mimi napewa wa kwangu?

Ndugu wa wagonjwa ndo waliofaidika kuliko sisi sote nadhani. Mnajua inavyokuwa, watu wamelala kwenye mikeka nje ya ICU, wametoka wilayani, mlango ukifunguliwa wanakimbilia nesi yeyote, sista mgonjwa wetu anaendeleaje? Huyu anasema anaendelea vizuri, mwingine anasema ombeni Mungu, wa tatu anasema muulizeni daktari. Familia inagombana usiku kucha kwa majibu matatu. Sasa wana mtu wao. Praimari anakaa nao kila anapokuwa zamu, anaongea na msemaji wao mmoja, anawaambia ukweli kwa lugha ya kawaida, anawaruhusu kuingia wamshike mkono. Na wao wanampa vitu ambavyo faili halina, kwamba huyu mzee haswali bila kutawadha kwahiyo ukimfuta mikono na uso mwambie unamtawadhisha, kwamba huyu mama anaogopa giza.

Pia kuna suala la dawa za kununua. Kulikuwa na mgonjwa mmoja antibayotiki yake haikuwepo stoo, ndugu wakanunua dozi za mwanzo pesa zikaisha, na hawakusema, wana aibu. Kwenye chati zamu baada ya zamu imeandikwa "dawa haipo". Kila aliyeandika amesema ukweli, ila aliyepaswa kuuliza haipo mpaka lini hakuwepo. Praimari alipoona mstari umejirudia alitoka nje akawaita pembeni, wakamwambia mama tumeuza mpaka mbuzi, akawashika mkono akawapeleka ustawi wa jamii siku ileile wakafanyiwa utaratibu wa msamaha. Hii kwenye vitabu vya Marekani hamtaikuta, lakini kwetu ni uuguzi kabisa, dawa isiyonunuliwa haiponyeshi.

Madaktari walichukua muda. Wamezoea kuongea na inchaji, raundi inapita nesi wa mgonjwa amesimama nyuma ameshika bakuli. Tuliomba kitu kimoja tu, kwamba kwa kila kitanda praimari ndo aanze kuongea, dakika mbili, jana ilikuwaje, leo ninaona nini, naomba nini. Mwanzo sauti zinatetemeka. Daktari bingwa wetu kwa bahati ni msikivu, akawa anauliza, sista wewe unaonaje tumtoe leo au tusubiri? Nesi aliyeulizwa swali hilo mbele ya maintani wote, wale madaktari wapya walio mazoezini, hawezi tena kufanya kazi kama mtu wa kutimiza oda. Mimi nimeona manesi wakienda kusoma usiku kwa hiari yao ili kesho wawe na jibu.

Kuna gharama yake na lazima niiseme kwasababu sijaona watu wakiisema. Ukimjua mgonjwa, akifariki unaumia. Zamani kifo kilikuwa cha kitanda namba fulani na unahamia kitanda kingine, siku hizi ni Baba Neema ambaye umekaa na mke wake kwenye benchi na unamjua mtoto wake wa darasa la tano anaitwa nani. Nesi wetu mmoja alifiwa na wagonjwa wawili mfululizo, akawa haongei. Tukaanza utaratibu kwamba praimari aliyefiwa hapewi mgonjwa mpya wa mashine zamu inayofuata, na tunakaa naye dakika chache kwenye chumba cha chai, aseme anachotaka au asiseme. Na mtu akisema huyu mgonjwa simuwezi, ananikumbusha marehemu mdogo wangu, anabadilishiwa bila kuhojiwa. Wenye vyeo tafadhali msilione hili kama kudekeza watu.

Bado kuna mahali panavuja. Usiku tukiwa wawili kwa wagonjwa sita, jozi ni moja, asoshieti anakuwa wa wote, na karatasi za miguuni ndo zinatubeba, lakini karatasi haigeuzi mtu. Ikitokea ajali ya basi tunarudi kwenye mgawanyo wa zamani kwa masaa kadhaa, dawa, vipimo, basi, na tumekubaliana hiyo ni sawa mradi asubuhi majina yarudi ubaoni. Kwa anayetaka kuanza mimi nasema chukua vitanda viwili, watu wanaotaka, karatasi moja, na mainchaji wawe tayari kuibomoa rosta. Mafunzo yetu yalikuwa mchana mmoja tu kwenye ukumbi wa hospitali na chai ya matroni, mengi tumejifunza kitandani.

Tunachohangaika nacho sasa hivi ni mgonjwa anapotoka kwetu kwenda wodini. Karatasi yake inabaki ICU, kule anarudi kuwa wa wote, na tumeshaona watu wakirudi kwetu na vidonda vya mgongoni ambavyo hawakuondoka navyo. Tumeomba praimari amsindikize mgonjwa mpaka kitandani wodini, akabidhi kwa nesi wa kule uso kwa uso na karatasi iende naye, na aruhusiwe kupita kumuona kesho yake. Inchaji wa wodi ya upasuaji amekubali tujaribu kuanzia mwezi ujao, wa wodi ya ndani bado anasema manesi wake ni watatu kwa wagonjwa arobaini atampa nani, na hapo sina jibu la kumpa mpaka tukae naye tuone rosta yake.